Vyungu Kabla ya Jembe: Watu wa Kale wa Ziwa Victoria

Kuna wakati Ziwa Victoria halikuwapo. Mahali ambapo leo meli za Mwanza hupita kwenda Bukoba palikuwa mbuga ya nyasi, na ambaye angesimama juu ya majabali ya Capri Point angeona vumbi na makundi ya wanyama badala ya mawimbi. Watafiti waliotoboa tope la sakafu ya ziwa katika miaka ya 1990 walikuta chini ya tope hilo udongo uliowahi kukauka, wenye masalia ya mizizi ya nyasi. Ziwa letu ni pana, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lakini halina kina kirefu. Hata pale linapozama zaidi ni mita 80 hivi tu, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua ilipokatika mwishoni mwa zama za barafu, maji yakaisha. Yakarudi yapata miaka 15,000 iliyopita, na katika maji hayo mapya furu wakazaana na kugawanyika katika mamia ya spishi, kwa kasi inayowastaajabisha wanabiolojia hadi leo.

Watu waliyafuata maji hayo. Yale waliyoyafanya kandokando yake kwa miaka elfu nane iliyopita ni kati ya sura kubwa za historia ya mwanadamu, ingawa mtoto wa Nyamagana au Ilemela anaweza kumaliza kidato cha nne akiwajua mafarao kwa majina, asijue kwamba chini ya jabali la nyuma ya nyumba yao huenda waliishi mafundi wa vyungu kabla ya farao wa kwanza kuvikwa taji.

Vitabu tulivyosomea vina ngazi yake. Mwanadamu aliwinda na kuokota matunda, akagundua kilimo, akatulia kijijini, akafinyanga vyungu, akafua shaba na baadaye chuma, akajenga miji, akaandika, akawa na wafalme. Ngazi hiyo ilichongwa kwa kutazama bonde la Tigris na Euphrates, ambako mji wa Uruk ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa kabla ya mwaka 3000 KK, na bonde la Mto Nile baada yake. Kuibeba ngazi hiyo nzimanzima, kuiegemeza kwenye majabali ya Mwanza, na kutangaza kwamba hapa hapakuwa na kitu kwa kuwa vidato haviko pale vinapotarajiwa, ni uvivu wa fikra. Hapa watu walitulia kwa sababu ya samaki, wala si kwa sababu ya nafaka. Walikuwa na vyungu maelfu ya miaka kabla ya kushika jembe. Wakafua chuma bila kupitia shaba. Wakasimamisha falme bila kujenga miji ya mawe wala kuandika herufi moja.

Habari za kale zaidi nitazipitia haraka, maana Olduvai na Laetoli zimekwisha kusimuliwa vya kutosha. Itoshe kusema kwamba umri wa ziwa lenyewe unakadiriwa kuwa miaka 400,000, na nchi hii ilikuwa na wakazi muda mrefu kabla ya hapo. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa upande wa Kenya, wachimbaji wametoa zana za mawe zenye umri unaokadiriwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwakatwa kwa zana hizo. Upande wa magharibi, Ghuba ya Sango imetoa jina la utamaduni mzima wa zana za mawe mazito, Sangoan, unaotajwa hadi katika vitabu vya Afrika ya Kati. Hao walikuwa watu wa kuhama. Tunaowatafuta hapa ni wale waliokaa.

Jina lao halisi halikubaki. Waakiolojia wanawaita Wakansyore, kwa kisiwa cha Kansyore kilichomo katika Mto Kagera, kwenye mpaka wa Tanzania na Uganda, ambako vigae vyao vilichimbuliwa na kuelezwa katika miaka ya 1960. Kuanzia yapata miaka 8,000 iliyopita walisambaa kuzunguka ziwa: Siror, Usenge na Gogo Falls upande wa Kenya, Nyang'oma na Chole katika eneo letu la Mwanza, hadi ndani kabisa ya Serengeti, kwenye jabali la Nasera. Vyungu vyao vilirembwa kwa kuchomachoma na kukandamiza udongo mbichi kwa kitu chenye meno, mistari ikibanana mpaka chombo kizima kikapata ngozi ya mikwaruzo. Asiyekuwa na muda hangefanya kazi ile. Na mtu anayehamahama kila wiki habebi chungu cha udongo mgongoni.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wawindaji wote wa kale waliishi mkono kwa kinywa, wakila leo kilichopatikana leo. Mifupa iliyochimbuliwa katika makazi ya Wakansyore inaeleza maisha mengine. Mvua za masika zinapofika, samaki kama ningu na kuyu hupanda mito kwenda kutaga, na pale penye maporomoko hubanana kwa wingi. Wakansyore walijua majira hayo, wakaweka kambi zao penye maporomoko, wakavua kwa wingi. Kiangazi kilipofika walishuka ufukweni, wakaokota chaza wa maji baridi; malundo ya magamba waliyoyaacha kwenye Ghuba ya Winam yapo mpaka leo. Mwaka uliofuata walirudi palepale, na mwaka uliofuata tena, kwa vizazi. Mvuvi yeyote wa mwalo wa Kirumba anaelewa maana ya kujua samaki anapita wapi na mwezi gani. Ujuzi wa namna hiyo unataka kupanga, kukausha au kutunza chakula, kugawana zamu na kuheshimu mahali pa wengine. Yaani unataka jamii yenye taratibu.

Walikuwa na wenzao mbali sana. Huko Japani nako wavuvi na wawindaji walifinyanga vyungu vizuri maelfu ya miaka kabla ya kupanda mpunga. Kwa hiyo watu wa ziwa letu hawakuwa kioja. Walikuwa mfano wa njia moja ambayo mwanadamu aliipitia popote maji yalipompa chakula cha uhakika.

Tunayoyajua kuhusu upande wa Mwanza tunayo kwa sehemu kubwa kwa sababu ya utafiti wa Robert Soper na mwenzake Golden, waliotembea mkoa huu wakikagua mapango na vivuli vya majabali na kuchapisha matokeo mwaka 1969. Majabali haya ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na yalivyopandana yametengeneza vyumba vya asili visivyohitaji paa. Sakafuni mwa vyumba hivyo kulikuwa na vipande vya mawe meupe ya kwatzi vilivyochongwa kuwa visu na vikwaruzo, na vigae vya vyungu. Kutani mwa baadhi yake, hapa na kwingineko kuzunguka ziwa, kuna michoro: duara ndani ya duara, mistari sambamba, miale, kwa rangi nyekundu au nyeupe. Mwakiolojia James Chaplin aliikusanya michoro ya ukanda mzima wa ziwa katika kazi iliyotoka mwaka 1974, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Haina twiga wala wawindaji kama ile ya Kondoa. Waliochora hapa walichagua maumbo. Mimi nikiyatazama huwa nawaza mvua, kwa kuwa ni mvua iliyofanya na kufuta ziwa hili.

Niseme wazi linaloniuma. Mengi ya majabali ya Mwanza yanapasuliwa kokoto kila siku, na mengine yamezungukwa na nyumba hadi kileleni. Watu wanahitaji riziki na wanahitaji pa kulala, hilo silipingi. Lakini jabali likishapasuliwa na udongo wa chini yake ukazolewa kujazia msingi, miaka elfu tano ya habari inaondoka asubuhi moja, na haichimbuliki tena. Wataalamu wetu wa mambo ya kale, chuo kikuu na serikalini, wanaweza kukagua kivuli cha jabali kwa siku chache kabla ya nyundo kuanza. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni.

Turudi kwa Wakansyore. Yapata miaka 2,000 iliyopita hawakuwa peke yao tena. Pale Gogo Falls, karibu na Mto Kuja, wachimbaji walikuta tabaka juu ya tabaka kama kurasa: chini vigae vya Kansyore na mifupa ya samaki, juu yake vyombo vya wafugaji, pamoja na mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, lakini samaki na wanyama wa porini wakiendelea kuliwa; juu zaidi, vyungu vya wakulima. Hakuna tabaka la majivu linaloonyesha kijiji kilichochomwa. Watu walikutana, wakabadilishana, wakaoana, wakaachiana maarifa. Lugha zinatoa ushahidi uleule: wanaisimu kama David Schoenbrun wameonyesha kwamba lugha za Kibantu za Maziwa Makuu zilichota maneno ya mifugo na nafaka kwa majirani wao wa Kikushi na wa Kisudani. Mazao nayo yalikuja kwa njia zaidi ya moja. Katika pango la Kakapel, kaskazini ya ziwa, kumepatikana kunde zenye umri wa miaka 2,300. Ulezi ni wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki yenyewe, mtama ulitoka Sudan, na migomba ilisafiri kutoka Asia ya Kusini-Mashariki mpaka ikawa moyo wa Buhaya. Kwa upande mwingine, sahani ya Mwanza ya leo, ugali wa mahindi au muhogo na kipande cha sangara, ingewashangaza wahenga wote hao: mahindi na muhogo vilivuka bahari kutoka Amerika, na sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Ningu ndiye mwenyeji, na sasa ni nadra kumkuta sokoni.

Wakulima walikuja na chungu chao. Mwaka 1948 Louis na Mary Leakey, pamoja na kasisi Walter Owen, walichapisha maelezo ya vyungu kutoka Nyanza vyenye kibonyo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kukianika. Baadaye vikaitwa Urewe, kwa jina la mahali vilipopatikana. Ukingo wake umekatwa pembe kwa ustadi, bega limechorwa mistari ya kukingamana, na sura hiyo ni moja kuanzia Kivu na Rwanda, kupitia Kagera na Uganda, hadi Mwanza na Nyanza ya Kenya. Hebu pima umbali huo kwa miguu na kwa mtumbwi. Wafinyanzi waliotenganishwa na majuma ya safari walikubaliana jinsi chungu kinavyopaswa kuwa, na wakaendelea kukubaliana kwa zaidi ya miaka elfu moja, kuanzia karne za kati za milenia ya mwisho KK.

Na pamoja na chungu hicho likaja tanuri.

Katuruka ni kijiji cha Buhaya, kusini ya mji wa Bukoba. Hapo ndipo alipokaa, katika karne ya 17, Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara. Wazee wa Kihaya walikuwa na masimulizi kwamba mfalme huyo aliwaamuru wahunzi wake wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na kwamba mahali pa kazi hiyo pana mti mtakatifu, Kaiija. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika huko mwanahistoria Mmarekani, Peter Schmidt, akakaa na wazee, akaandika masimulizi yao, na wao wakamwelekeza achimbe karibu na ule mti. Alichimba. Akakuta mashimo ya kazi ya chuma, mavi ya chuma, vigae vya Urewe na mkaa. Mkaa ulipopimwa, umri wa baadhi yake ulirudi nyuma ya mfalme kwa zaidi ya miaka elfu mbili, hadi karibu mwaka 500 KK. Wakati Athene inaanza demokrasia yake, chuma kilikuwa kikiyeyushwa Katuruka.

Mimi sijui ushahidi mzito kuliko huu kwamba masimulizi ya wazee si hadithi za kupotezea jioni. Familia ya mfalme ilikuja baadaye sana, ikakuta eneo linaloheshimiwa, ikajenga ikulu yake hapo ili heshima ile iwe yake. Habari ya mnara ni ya kubuni, lakini kumbukumbu ya mahali ilikuwa sahihi, na ilikuwa imepita midomo mingi kuliko nasaba yoyote ya Ulaya.

Wazee wale walifanya zaidi ya kuonyesha mahali. Kuyeyusha chuma kulikuwa kumekufa Buhaya kwa miongo mingi, baada ya chuma cha Ulaya kufika kwa bei rahisi. Mwaka 1976, mbele ya Schmidt, walikusanyika na kufufua kazi waliyoiona wakiwa vijana. Walichimba shimo, wakachoma ndani yake nyasi za kinamasi mpaka likajaa masizi ya nyasi yenye kaboni. Wakajenga juu yake tanuri kwa udongo wa kichuguu na mabonge ya mavi ya chuma ya zamani. Wakatia mkaa na mbale iliyokwisha kuchomwa. Kisha wakaingiza mirija mirefu ya udongo mpaka ndani kabisa ya tanuri, na nje wakaweka mivukuto, vijana wakipokezana kuvukuta kwa saa nyingi. Hewa iliyopita katika mirija ile ilikuwa imekwisha kupata moto kabla ya kugusa mkaa. Joto likapanda, mavi yakayeyuka na kushuka shimoni kwenye nyasi, chuma kikabaki, sehemu yake ikiwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Schmidt na Donald Avery, mtaalamu wa metali, walichapisha matokeo mwaka 1978 katika jarida la *Science*, wakilinganisha na mirija ya kale iliyochimbuliwa, ambayo nayo ilionyesha alama za kuungua ndani ya tanuri. Wataalamu wengine wakabisha hewa hiyo ilipata moto kiasi gani, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Bonge la chuma, hata hivyo, lilikuwa mezani.

Kazi hiyo ilikuwa na bei yake. Tanuri linakula miti. Chavua za mimea zilizozama katika tope la maziwa na vinamasi zinaonyesha misitu ya ukanda huu ikipungua tangu wakulima na wafua chuma walipoenea, na upande wa Kagera inaonekana kwamba katikati ya milenia ya kwanza BK mkaa ulikuwa umeadimika na kazi ya chuma ikafifia, hadi miti iliporudi. Ikumbukwe hivyo bila kupamba. Wahenga walikuwa mafundi, na walikata msitu.

Baada ya mwaka 1000 BK mambo yanaharakisha, nami nitaharakisha nayo. Ntusi, kusini magharibi mwa Uganda, panakuwa makazi makubwa ya wafugaji na wakulima, yenye malundo ya mifupa ya ng'ombe. Kati ya karne ya 14 na ya 16 hivi yanachimbwa mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 yakijumlishwa, mengine yakikatwa ndani ya mwamba. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila mtu wa kuita watu, kuwalisha na kuwasimamia. Upande wa mashariki, huko Migori, karibu karne ya 16 zinasimama kuta za Thimlich Ohinga, mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikizia, ambazo UNESCO iliziandikisha katika urithi wa dunia mwaka 2018. Huko Bweranyange, ikulu ya Karagwe, hazina ya mfalme ilikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma: alama ya mfugaji na alama ya mhunzi zikiwa kitu kimoja.

Upande wetu wa kusini ufalme ulikuwa mdogo na wa karibu zaidi. Ukerewe, kwa masimulizi yake, ulianzishwa na Katobaha wa ukoo wa Abasilanga, aliyevuka maji kutoka Ihangiro. Mfalme wake alitakiwa kuleta mvua, na aliyeshindwa aliweza kuondolewa madarakani. Usukuma uligawanyika katika himaya nyingi za batemi, kila moja na ngoma zake za enzi. Baadhi ya vifaa vya enzi vimehifadhiwa Bujora, Kisesa, katika makumbusho yaliyoanzishwa kwa juhudi za padri David Clement na wazee wa Kisukuma. Majembe yalitoka kwa wahunzi Warongo wa Buzinza, upande wa Geita, yakavuka ziwa na nchi kavu kubadilishwa kwa nafaka, mbuzi na ng'ombe. Kilimo cha Usukuma chote kilisimama juu ya jembe lile, na nashangaa kwamba Geita ya leo inatajwa kwa dhahabu tu.

Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alifika Mwanza, akalitazama ziwa akiwa juu ya kilima na kulipa jina la malkia wake. Hesabu za wengi huanzia siku hiyo. Ila kuna mtu wa mwambao huuhuu aliyeamua kuandika jinsi watu walivyoishi kabla ya wageni. Aniceti Kitereza, mjukuu wa mfalme Machunda wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe kuhusu Myombekere na Bugonoka. Humo mna jinsi ya kupika pombe ya ndizi, kuwinda kiboko, kuposa, kutibu utasa, kugawana nyama, kupalilia ulezi. Hakupata mchapishaji kwa miaka zaidi ya 30. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Ni kitabu kinene, na maduka mengi ya vitabu ya Mwanza hayanacho. Wanaopanga mtaala wa historia wangeweza kukiweka darasani pamoja na taarifa za Katuruka na Nyang'oma, na kuwapeleka wanafunzi wa Nyamagana wakaone vigae kwa macho yao.